Ana Nyama? Ova

Kabla Sahro hajasemwa hewani, alikuwa amesemwa sana ardhini. Tangu akiwa mtoto, wanawake walimshika mkono, wakaubinya kidogo, kisha wakauachia, kama mnunuzi anayepapasa mgongo wa mbuzi sokoni halafu akapita kwa mwingine. Si kwamba hakula. Alikula wali na nyama, akanywa maziwa, akamalizia sahani ya kaka yake, na mwili ukabaki pale pale: mrefu, mwembamba, na shingo ya swala. Mama yake, Rahmo, alikwisha kata tamaa. "Chakula kinaingia," aliwaambia majirani. "Kinakokwenda anajua Mungu."

Wakati huo, mwaka uliofuata mvua kubwa za El Nino, Sahro alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Garissa. Kijana mmoja mfanyabiashara wa Elwak, jina lake Korane, alimwona kwenye harusi, akapeleka ujumbe, na wazee wakaanza kuzungumza. Korane alikuwa mpole mno. Alipomtembelea Sahro alizungumzia bei ya sukari muda mrefu, kisha akanyamaza, kisha akaaga. Lakini alimtazama Sahro kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kumtazama, bila hata chembe ya huruma, na Sahro akampenda kwa hilo.

Alhamisi moja alikwenda kwa Abdiwali, mtaani Iftin, kuzungumza na mjomba wake aliyekuwa Mandera. Abdiwali alikuwa na taar, ile redio ya upepo. Betri ya gari ilikaa sakafuni, waya ulipanda juu ya paa hadi kwenye nguzo, na sauti ya mtu ikaruka kutoka Garissa hadi Mandera bila posta wala simu; aliyemaliza kusema alitamka “ova” ili mwingine ajibu. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Ukizungumza na mjomba wako, mji mzima wa Wajir ulisikiliza pia, na waliokuwa na neno la kuongeza hawakungoja kualikwa.

Sahro aliketi nyuma ya pazia, upande wa wanawake, akisubiri zamu. Mbele yake kwenye maiki, akionekana kwa upenyo wa pazia na akiwa amempa mgongo, alikuwa Kaaha, jirani yao, mwanamke asiyepitwa na jambo. Kaaha hakujua nani ameketi nyuma ya pazia.

"Elwak, Elwak, hapa Garissa. Maka, unanisikia? Ova."

Maka alikuwa binamu wa Kaaha. Alikuwa pia mama yake Korane. Sahro aliinua kichwa.

"Nakusikia kama tuko chumba kimoja," sauti nzito ilijibu. "Haya, niambie. Huyo msichana ana nyama? Ova."

Kaaha alikohoa. "Ana macho mazuri sana. Ova."

"Sikuuliza macho. Ova."

"Ana adabu, anaswali, na meno yake meupe kabisa. Ova."

"Kaaha! Nimeuliza nyama. Ova."

"Nyama… basi, kidogo. Ova."

"Kidogo kiasi gani? Ova."

Kaaha alitazama dari kutafuta msaada, hakuupata. "Ukimwona kwa mbele, yupo. Akigeuka upande, unamtafuta. Ova."

Sahro alifunika mdomo. Kusema kweli alikaribia kucheka, kwa maana Kaaha alikuwa na kipaji. Lakini redio ilikwaruza, na sauti ya mwanamume asiyemjua ikaingia.

"Hapa Wajir, jina langu Gelle. Samahani kwa kuingilia. Mwanamke mwembamba hatafaa. Ataanguka na ndoo ya maji. Ova."

"Hapa Mandera," akasema mwingine. "Mpeni maziwa ya ngamia asubuhi na jioni, na samli juu yake. Mke wa ndugu yangu alikuwa hivyo hivyo, sasa hapiti mlangoni. Ova."

"Nimepata kumwona mmoja kama huyo," Gelle alirudi. "Upepo ukivuma, mshike nguo, usije ukamkosa. Ova."

Kicheko kikatoka Wajir, kikajibiwa na kingine huko Mandera. Kisha sauti ya mwanamke, laini na yenye huruma tele, ikasema, "Msimcheke maskini. Huenda ana kifua kikuu. Ova."

Hapo Sahro hakuona tena kichekesho. Hao watu hawakuwahi kumwona hata kivuli, na tayari wamekwisha mpima, wamemlisha, wamemwuguza, bado kumzika tu.

"Mnasikia?" Maka alisema. "Na Korane mwenyewe amesimama hapa kando yangu, anasikia yote. Ova."

Sahro alingoja. Redio ilikwaruza, ikakwaruza tena. Korane hakusema kitu. Hata bei ya sukari hakuitaja.

Sahro alivuta pazia, akapita mbele ya Abdiwali aliyebaki kinywa wazi, akachukua maiki mkononi mwa Kaaha. Kaaha alipomwona, rangi ilimtoka.

"Asalaam aleikum," Sahro alisema. "Hapa Garissa. Ni mimi mwenyewe niliyegeuka upande. Ova."

Kaaha alirudi nyuma hadi ukutani.

"Ndugu Gelle wa Wajir," aliendelea. "Umenisema mimi, nami niruhusu nikuulize wewe. Ukisimama wima ukatazama chini, unaviona vidole vyako vya miguu? Ova."

Badala ya Gelle ilijibu sauti nyingine, ya mtu anayesongwa na kicheko. "Hapa Wajir! Niko naye chumbani. Wallahi havioni! Hajaviona tangu alipooa! Ova."

"Na wewe wa Mandera, mwenye maziwa na samli. Mdomoni una meno mangapi yaliyobaki? Ova."

"Swali hilo ni la faragha," Mandera alisema kwa unyonge. "Ova."

"Na mwili wangu je, ni wa baraza? Eeddo Maka, shangazi yangu, wewe hujaniona, nami sijakuona. Aliyeniona ni mwanao, na macho anayo. Muulize yeye. Ova."

Elwak hawakujibu. Baadaye ilisemekana betri yao iliisha nguvu. Sahro alirudisha maiki, akasahau habari ya mjomba wake, akatoka.

Alipofika nyumbani alijifungia chumbani, akakizungushia kifundo cha mkono wake vidole viwili, na vidole vikakutana kwa urahisi kama kawaida. Akalia kidogo. Maneno ya Gelle yalikuwa yamekwisha kumtoka, la kifua kikuu pia. Kilichomliza ni ule mkwaruzo wa redio mahali ambapo sauti ya Korane ilipaswa kuwa.

Habari ilienea mjini haraka kuliko vumbi. Wanawake wasiomjua walimletea maziwa ya ngamia kwenye vibuyu, na mmoja akaleta kopo zima la samli. Rahmo aliyapokea yote kwa shukrani, na kwa muda mfupi akanenepa yeye. Kazini, Salat, mlinzi wa langoni, alimweleza mkubwa wa ofisi, mtu wa bara, kwa Kiswahili chake cha Garissa: "Bwana, huyu ndiyo ile msichana ya redio. Watu ya Wajir nasema ubebo ikija, yeye nakwenda. Lakini yeye najibu! Wajir yote nanyamaza!" Tangu siku hiyo mkubwa alimwita Sahro kwa heshima zaidi na kuinyoosha tai yake kwanza.

Kisha ikaja habari kwamba Maka yuko njiani. Ameondoka Elwak kwa lori la bidhaa, anakuja kumwona msichana kwa macho yake. Sahro alijitengenezea jibu kali la kumpokea nalo, akalinoa siku nzima.

Lori liliposimama karibu na soko, watu walikuwa wamekwisha jaa. Kila aliyesikia habari ya redio alitaka kumwona aliyeuliza nyama. Mlango wa mbele ukafunguka, ukatoka mguu mmoja, ukatafuta pa kukanyaga, ukarudi ndani. Maka alikuwa mfupi, na upana wake ulikuwa wa kutosha watu wawili wenye afya. Utingo alimshika mkono wa kulia, dereva akamsukuma kwa heshima kutoka ndani, na lori lote likayumba.

"Ndiyo maana anaulizia nyama!" mtu mmoja alipaza sauti. "Yake kaimaliza!"

"Dereva, angalia springi zako!"

"Shusheni bidhaa kwanza, mama baadaye!"

Watu waliangua kicheko. Maka, akiwa bado mguu mmoja hewani, alivuta shali yake ikamfunika bega, kisha tumbo, ikakataa kufika. Alijaribu tena kuivuta. Sahro alimwona akiivuta, na lile jibu kali lililonolewa siku nzima likamtoka kabisa kichwani. Alijipenyeza katikati ya watu, jambo ambalo kwake lilikuwa rahisi, akamshika Maka mkono wa kushoto.

"Karibu, eeddo. Niegemee."

"Utavunjika, mwanangu."

"Wewe niegemee tu."

Maka akaegemea, Sahro hakuvunjika, na miguu yote miwili ikagusa ardhi. Sahro aligeukia umati. "Mmemaliza? Kama kuna mwingine hapa ambaye hana kasoro, ajitokeze tumtazame na yeye." Yeye na Maka wakaondoka wakiwa wameshikana mikono, na wote njiani waliwapisha.

Nyumbani, Maka alikunywa chai kikombe baada ya kikombe kabla hajasema lolote.

"Mimi nilidhani nazungumza na Kaaha tu," alisema mwishowe.

"Na Mandera je?"

"Mandera walijileta wenyewe! Nani aliwaita?" Akatikisa kichwa. "Kushuka kwenye lori ni jambo la mtu na Mola wake. Leo limekuwa la Garissa nzima. Nisamehe, mwanangu. Sikujua linavyouma."

"Nimekusamehe," Sahro alisema. "Lakini mwanao yuko wapi?"

"Amebaki Elwak. Anaona haya."

"Hata siku ile aliona haya?"

Maka aliweka kikombe chini. "Hilo muulize mwenyewe. Mimi redio imenishinda."

Alasiri walikwenda wote kwa Abdiwali. Korane alipoitwa Elwak na kuletwa kwenye maiki, ilisikika kwanza pumzi yake.

"Sahro. Siku ile nilikosa neno. Ova."

"Na leo umelipata? Ova."

Redio ikakwaruza. "Sema, warya, kijana!" Gelle aliingilia kutoka Wajir. "Usiogope! Ova."

"Sema, bwana, wengine tuna kazi," Mandera aliongeza. "Ova."

"Mimi naona…" Korane alianza. "Mimi kwangu, tangu ile siku ya harusi, naona kwamba wewe…"

"Hapo hapo simama!" Sahro alimkata. "Hayo si ya Wajir wala Mandera. Njoo uniambie hapa Garissa, tukiwa wawili. Ova, na mazungumzo yamekwisha."

Akainama, akachomoa waya kwenye betri kwa mkono wake mwenyewe. Abdiwali aliruka. "Abaayo! Dada! Neno lilikuwa likielekea pazuri!"

Korane alikuja na lori lililofuata, nywele zimejaa vumbi la njia nzima, akaketi na Sahro uani mwa Rahmo chini ya ukuta, mama zao wakiwa ndani wamekatazwa kukaribia dirisha. Alizungumza muda mrefu kuliko alivyowahi kuzungumza maishani, na haikuwa bei ya sukari, kwa maana Sahro alicheka mara mbili na mara moja akafuta macho kwa ncha ya shali. Baada ya Idi walioana. Kaaha alimwuliza mara nyingi Korane alimwambia nini siku ile, na kila mara Sahro alimmiminia chai, akamwuliza habari za watoto.