Mrushaji wa Bonde la Mierezi

Alasiri moja ya Jumanne, Odessa Crumley alikuwa ameketi sebuleni akipukuchua kunde mbichi na kutazama kwenye televisheni marudio ya *Sherifu wa Bonde la Mierezi*, alipomwona kaka yake Lem amesimama humo, mbele ya duka la mhunzi.

Kilikuwa kipindi cha nyumbu walioibwa. Odessa alikijua kama anavyojua njia ya kwenda kanisani. Alijua mwizi ni nani, alijua mlango upi ungegoma kufunguka, alijua hata farasi atakayepiga chafya Sherifu Ransome akisema jambo la maana. Lem hakuwahi kuwemo. Sasa alikuwemo, ameegemea nguzo, amevaa sare ya besiboli ya Manyigu wa Tallis, timu ya watu weusi wa mji wao, ile ya kijivu yenye herufi T kifuani. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la Georgia, ingawa Bonde la Mierezi liko huko magharibi ambako vumbi ni la manjano. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, vilevile kama Odessa alivyomwona mara ya mwisho mwaka 1954, yeye akiwa bado msichana wa shule.

Odessa akaweka bakuli chini, akafungua dirisha la jikoni.

"Hattie! Unatazama?"

"Natazama," jirani yake akajibu kutoka upande wa pili wa ua. "Huyo si Lem?"

"Ndiye."

"Amekonda, masikini. Huko hawamlishi?"

"Huko ni kwenye sinema, Hattie. Chakula chao ni cha mbao."

Akarudi kukaa. Nyumbu walipatikana, mwizi akafungwa, muziki ukapigwa. Lem alikuwa bado kwenye nguzo majina ya waigizaji yalipoanza kupita juu ya kifua chake. Jina lake halikuwamo.

Mambo matatu ndiyo yaliyokuwa yakimfurahisha Odessa katika maisha yake: kipindi hicho, besiboli ya timu ya Atlanta jioni, na historia ya Tallis, ambayo aliitunza katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Humo mlikuwa na picha za harusi, kinanda kilichokufa sauti, na picha ya Manyigu wamepiga magoti wakiwa na glavu zao. Watoto wa shule walipoletwa, Odessa aliwataja wachezaji wote kwa majina. Akifika kwa Lem alisema, "Na huyu alikwenda kaskazini," kisha akawaonyesha kinanda.

Ndivyo walivyoambiwa. Siku moja mwaka ule wa 1954 Manyigu waliifunga timu ya kiwanda cha pamba, timu ya wazungu, kwenye uwanja uliokuwa nyuma ya mahakama. Asubuhi yake Bwana Royce Kettering, msimamizi wa kiwanda, alikuja mwenyewe hadi barazani, akavua kofia, akamwambia mama yao kwamba alimwona Lem akipanda basi la Chicago na sanduku mkononi. Mama alishukuru. Akangoja barua. Alipochoka kungoja alianza kukasirika, na hasira ile ilimweka duniani miaka mingi kuliko madaktari walivyotegemea. Kitandani, siku za mwisho, alisema, "Akija, msimwonyeshe kaburi langu." Odessa aliirithi hasira hiyo pamoja na nyumba na masufuria.

Jumatano Lem alikuwa ndani ya baa, karibu na piano. Alhamisi alivuka barabara nyuma ya gari la farasi, akampisha mwanamke mmoja mwenye mwavuli. Wiki iliyofuata alikuwa anasogea mbele kidogo kila kipindi, kama mtu anayetafuta adabu ya kuingilia mazungumzo ya watu. Habari zikaenea. Waumini wakaanza kuja kwa Odessa alasiri, na kuku wa kukaanga, na keki ya nazi, na viti vyao wenyewe. Walitazama kwa makini. Mmoja alisema Lem alistahili koti, maana milimani kule kuna baridi. Mchungaji alisema anafanana sana na baba yake, hasa akiwa amegeuka.

Roscoe Tate naye alikuja. Yeye ndiye aliyekuwa mdakaji wa Manyigu, na vidole vyake vyote vilikuwa vimepinda kwa kudaka mipira aliyoirusha Lem. Hakutaka keki. Alikaa karibu na kioo cha televisheni.

"Mwone mkono wake wa kulia," akasema. "Ameushika mpira nyuma ya mgongo. Vidole viwili juu ya mshono. Huo ndio ule mpira wa kuzama, unaoshuka ghafla."

"Alikuwa akiutupa sana?" Mchungaji akauliza.

"Siku ile tulipowafunga kiwanda aliutupa kwa mtoto wa Kettering, mpigaji wao. Kijana akakosa, akakosa, akakosa tena, mpaka akaanguka kwa makalio. Wazungu wenyewe walicheka. Mimi nilicheka nikiwa nimevaa kinyago cha mdakaji, nikadhani hawanioni. Lem nilimwacha pale akikusanya magongo ya kupigia mpira. Nilikuwa na msichana ananingoja."

Siku iliyofuata, katikati ya kisa cha mjane na visima vya maji, mlango wa ofisi ya sherifu ulifunguliwa na Lem akaingia. Hattie alikuwa na kipande cha kuku mdomoni na hakukitafuna.

"Karibu," Sherifu Ransome akasema. "Unaitwa nani?"

"Lemuel Crumley, bwana. Mrushaji wa Manyigu wa Tallis."

"Una shida gani, Lemuel?"

"Waliniua, bwana."

Sherifu akavua kofia, akaiweka mezani. Odessa hakuwahi kumwona akiivua kofia ile ofisini.

"Nani?"

"Bwana Royce Kettering na wenzake wawili. Wale wawili nao wameshafariki. Yeye bado."

"Na mwili uko wapi?"

"Uwanjani, upande wa kulia, karibu na uzio. Sasa pamewekwa lami. Ni maegesho ya mahakama."

"Kuna ndugu?"

Lem akageuka, akatazama nje ya kioo, si kwa Odessa hasa, bali kidogo kushoto kwake, mahali kilipokuwa kiti cha mama yao kabla hakijavunjika.

"Nina mama," akasema. "Na mdogo wangu. Wanadhani nimewatupa."

"Nitalishughulikia," Sherifu Ransome akasema. Kisha yakaja matangazo ya dawa ya meno, na baada ya hapo ikawa tena habari ya mjane na visima vyake.

Odessa aliinuka, akaenda jikoni, akafungua maji ya bomba, akasimama akiyatazama yakimwagika. Hattie alimfuata.

"Mwenzangu, funga bomba."

"Miaka yote hiyo namtukana, Hattie. Nikipika, namtukana. Nikifagia, namtukana."

"Hukujua."

"Mama pia hakujua. Mama amekufa akimtukana."

Hattie akafunga bomba mwenyewe.

Kwa kawaida Sherifu Ransome alimkamata mkosaji kabla saa moja ya kipindi haijaisha. Safari hii alitandika farasi na kuondoka, na vipindi vilivyofuata alikuwa njiani. Mambo mengine ya Bonde la Mierezi yakalala. Hakukuwa na wezi wala wajane, alikuwa yeye tu na farasi, akipanda vilima, akilala karibu na moto. Stesheni ya televisheni haikupokea lalamiko lolote. Watu wa Tallis walimtazama akikaribia. Walianza kuitambua misonobari, kisha daraja la mto, kisha bango la kiwanda. Siku ya Ijumaa alifika pale barabara inapopinda kuelekea mahakamani, na picha ikaishia hapo.

Jumatatu alikuwa amerudi ofisini kwake, amekaa, uso umechoka. Lem alisimama mbele yake.

"Barabara inakatika pale kwenye kona," sherifu akasema. "Nimejaribu kwenda mbele. Baada ya pale hakuna picha."

"Naelewa, bwana."

"Samahani, kijana wangu."

"Umefika mbali kuliko wengine," Lem akasema.

Odessa akavaa gauni lake la kanisani, akaenda kwa sherifu wa kweli, yule wa wilaya. Jina lake Tom Beasley, kijana mzungu mwenye adabu, ambaye Odessa alimfahamu tangu akiuza maandazi matamu ya skauti mlango hadi mlango. Beasley alimsogezea kiti.

"Nilikiona kipindi, Bi Odessa. Nilikuwa kwa mama yangu. Mama alilia mpaka tukamwita daktari."

"Basi chimba."

Beasley akasugua paji la uso. "Nimemwuliza mwanasheria wa wilaya. Anasema malalamiko yalipelekwa kwa sherifu mwingine, naye akayapokea. Kesi moja haiwezi kuwa na masherifu wawili."

"Yule mwingine hawezi kufika hapa, Tom. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Ila hajaifunga kesi. Akiifunga, akatuletea, hapo tunaweza kuanza." Akashusha sauti. "Na lami ni mpya, Bi Odessa. Wameimwaga mwezi uliopita tu."

Alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika kiwiko kwenye ngazi.

Kutoka hapo Odessa alikwenda kwenye makao ya wazee. Royce Kettering alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, blanketi magotini, amekaribia miaka tisini. Televisheni ya ukumbini ilikuwa inawaka bila sauti. Puto zilikuwa zimefungwa kwenye kiti, kwa sababu walikuwa wametoka kumfanyia sherehe ya kuzaliwa na mpiga picha wa gazeti alikuwa amekuja.

"Wewe ni wa akina Crumley," akasema. "Odessa."

"Ndiyo, Bwana Kettering."

"Kaka yako anaonekana vizuri kule. Alikuwa na mkono wa kurusha, huyo. Sijaona mkono kama ule, si kwetu, si kwenu."

"Ulimwambia mama yangu kapanda basi."

"Niliona afadhali hivyo kwake. Mama akijua mwanawe yuko Chicago, anapata usingizi."

"Hakupata."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba dawa aliyompa jirani haikufaa. Mhudumu akapita, akarekebisha blanketi. Odessa alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga ndani ya gari, na sasa hakulipata hata moja. Akauliza lile ambalo hakulipanga.

"Alisema nini, mwishoni?"

Kettering akafikiri. Hakuonyesha kwamba swali limemsumbua.

"Aliuliza nani atayarudisha magongo. Yalikuwa ya kanisa, alisema. Alisema mchungaji atayatafuta." Akatazama puto. "Nilimwambia nitayapeleka mimi. Nikayapeleka. Niliyaacha mlangoni."

Odessa alikumbuka magongo yale. Yalikutwa mlangoni mwa kanisa asubuhi ile, yamefungwa kamba vizuri, na mama yake alisema walau Lem aliondoka kwa ustaarabu.

Alitoka bila kuaga. Kwenye gari alijaribu kulia, ikashindikana, akawasha injini. Picha ya Kettering akizima mishumaa ilitoka gazetini Alhamisi. Maelezo chini yake yalimwita rafiki wa besiboli ya Tallis.

Kanisa lilifanya ibada ya mazishi bila jeneza. Roscoe Tate alipelekwa mbele akaombwa kusema neno, akainua tu mikono yake ili watu wavione vidole. Baada ya ibada Odessa hakubaki kula. Alikwenda peke yake makaburini, akapiga magoti mahali mama yake alipolala, akang'oa magugu kwanza, kwa sababu mama yake hakupenda kuongeleshwa mahali pachafu.

"Mama," akasema, "Lem hakupanda basi. Alikuwa hapahapa nyuma ya mahakama siku zote. Ulikuwa ukipita juu yake kila ukienda mahakamani kulipia maji."

Upepo ulikuwa mdogo. Akangoja, maana kwa namna mambo yalivyokuwa yanakwenda mwaka ule, jibu lingeweza kuja. Halikuja. Mama yake hakuwa mtu wa kutokea popote.

Lem alibaki Bonde la Mierezi. Wezi na wajane wakarudi, na yeye akapata kazi ndogondogo, kufagia jela, kuwanywesha farasi. Siku nyingine huonekana nyuma kabisa, akiwaonyesha watoto wa mji namna ya kushika mpira. Mtu alimpa koti. Watu wa kanisa waliacha kuja na viti, ila Hattie bado huja, na hupiga soga wakati wa matangazo.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa kiangazi, Odessa aliitwa kuwa mzee wa baraza katika kesi ya kijana aliyeiba mashine ya kukata nyasi. Alifika mahakamani mapema, lakini wengine walikuwa wamewahi zaidi. Mlinzi wa maegesho, mvulana mnene mwenye fulana ya rangi ya machungwa, alimwelekeza kwa mkono mpaka mwisho kabisa, upande wa kulia, karibu na uzio. Odessa alisimamisha gari kabla hajaingia kwenye mistari. Akateremsha kioo.

"Hapo kuna mtu," akasema.

Mlinzi akainama dirishani. Alikuwa na jasho na macho ya upole.

"Najua, Bi Odessa. Bibi yangu hakosi kipindi hata kimoja." Akatazama nyuma, ambako magari yalikuwa yameanza kujipanga. "Lakini kwingine kote kumejaa."

Odessa alirudisha gari nyuma taratibu, akaenda kuliacha mtaa wa tatu, akaja kwa miguu. Alipopita kwenye uzio, gari dogo la kijani lilikuwa limeshaingia pale, na mwenye gari alikuwa anafunga milango, akijaribu kila kitasa kuhakikisha.