Simu ya Wifi

Kabla kaka hajarudi nyumbani na mke wake, Mama alikuwa hamezi dawa bila kumwita Shangazi. Shangazi ni bintiye mkubwa. Jina hilo alipewa na watoto wa kaka yake, na nyumba nzima ikalichukua, hata Mama mwenyewe. "Shangazi, hii nyeupe ni ya saa hizi?" Naye angeacha sufuria motoni, aje anajifuta mikono, aikague, aseme ndiyo. Kazi ndogo, lakini ilimfanya atembee mle ndani kifua mbele.

Siku hizi Mama alikuwa anasema, "Hebu mwite mkwe aniangalizie kwenye simu."

Wifi alikuwa anauza kwenye duka la dawa, na kwenye simu yake mlikuwa na programu. Unaandika jina la dawa, unaandika na kirutubisho unachotaka kumeza nayo, inakuambia kama vinapatana au vinagombana. Tena haiishii hapo. Inakueleza jambo hilo limeonekana wapi: kwa wagonjwa wengi waliofuatiliwa, kwa mmoja wawili waliofika hospitali, au kwenye chupa za maabara tu. Mama alikuwa kwenye dawa ya kuzuia damu isigande, dawa isiyotaka mzaha, na wifi alimsomea taratibu kama anayesoma barua ya mtoto aliye mbali. Mama akiegemea mto wake, uso umemkunjuka.

Pembeni, Shangazi alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

"Umeletewa redio mpya," alimwambia Mama walipobaki wawili.

"Redio haijibu swali, mwanangu."



Siku moja akajitia upole. "Wifi, na mimi niwekee hicho kitu chako." Wifi akafurahi kweli, akamwonyesha na pa kubonyeza. Hakujua anamnolea mtu kisu.

Shangazi akajifungia jikoni, akaandika kila kitu ambacho wifi alikuwa amemletea Mama. Vidonge vya mifupa vikatoka na alama ya kijani, akanuna. Mafuta ya samaki yakatoka na alama ya rangi ya chungwa, moyo ukamruka. Hakusoma yaliyoandikwa chini. Alitoka mbio mpaka sebuleni.

"Mama, huyu mkwe wako anakupa vitu vinavyogombana na dawa yako. Simu yake yenyewe imesema."

Wifi alitazama kioo cha simu. "Hilo nililiona, wifi. Shuka chini kidogo. Watafiti wamepishana, wengine waliona damu inazidi kuwa nyepesi, wengine hawakuona kitu. Ndiyo maana nilimuuliza daktari kwanza, akatupa kipimo cha kumeza."

"Kwa hiyo nimeze nisimeze?" Mama akauliza.

"Meza tu, Mama."

Akameza. Shangazi akarudi jikoni masikio yanawaka.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukiandika. Tangu wifi ahamie, kila asubuhi akishaondoka kwenda kazini, Shangazi alikuwa anampa Mama vidonge vya manjano, kiungo kile cha mchuzi, vya kutuliza magoti. "Hii ni yetu, mimi na wewe," alimwambia. Mama akacheka, akakubali. Magoti yakapata nafuu, na kila Mama alipoyasifu, Shangazi aliongeza kidonge. Simu ilikuwa mkononi, manjano kabatini, wala haikumpitia akilini kuvikutanisha. Vya kuchunguzwa vilikuwa vya wifi.

Haukupita muda Mama akaanza kutoka madoa meusi mikononi, kama mtu aliyebanwa na mlango. Kisha asubuhi moja, wifi akiwa na mapumziko, pua ikaanza kutoa damu na haikutaka kukatika.

Wifi akamkalisha, akamwinamisha mbele, akambana pua. "Mama, kuna kitu kingine unachotumia? Chochote, hata cha majani, hata cha jikoni."

"Hakuna."

Akamgeukia Shangazi. "Wifi, na wewe hukijui?"

"Vyote umeleta wewe," Shangazi akasema. Maneno yalitoka mepesi, tena matamu.

Mama alimtazama bintiye juu ya kitambaa kilichoanza kulowa. Akashusha macho. "Hakuna kingine, mkwe wangu. Labda ni hayo mafuta yako."

Hiki ndicho Shangazi alichokitamani tangu masanduku ya wifi yapite mlangoni: Mama awe upande wake. Sasa alikuwa upande wake, na damu inamdondoka kidevuni. Angekaa hivyohivyo mpaka hospitali, angemficha hata daktari, kwa sababu bintiye alimwambia ni yetu, mimi na wewe.

Shangazi alikwenda kabatini, akaileta chupa, akaibwaga mezani kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

"Manjano. Kila asubuhi. Siku hizi anameza vinne."

"Shangazi," Mama akanong'ona, "mimi nilikuwa sijasema."

"Najua, Mama."

Wifi hakumtazama usoni. Aliandika, akasoma. "Ushahidi wenyewe ni mchache. Wagonjwa wachache wameripotiwa, damu zao zikawa nyepesi kupita kiasi. Hauniruhusu kuapa, wifi. Ila unatosha kutuondoa hapa sasa hivi."

Ndani ya teksi Mama alikaa katikati. Shangazi ameshika kitambaa, wifi ameshika simu.

"Daktari atataka kujua vyote anavyotumia," wifi akasema.

Shangazi akaanza kutaja: vidonge vya maumivu alivyompa alipoumwa mgongo, mafuta ya kuchua, tangawizi ya kikohozi. "Usiandike haraka, utakosea."

"Sawa, wifi."

Ilimuuma Shangazi kwamba hakujibiwa vibaya. Angejibiwa, angepata pa kushika.

Damu ilikuwa imeanza kupungua. Gari lilipokata kona, Mama alilaza kichwa begani kwa wifi, akakiacha hapo. Shangazi alikiona. Akaunyoosha mkono wake mpaka kitambaa kikaifikia pua kule ilikoenda, akaendelea kutaja.