Saa ya Juu na Saa ya Chini

Héritière alikuwa akisomea udaktari wa fizikia katika chuo kimoja mjini Minneapolis. Yeye na mwenzake Moses, kijana wa Kenya, waliunda saa mbili zinazofuata mtetemo wa atomu. Moja waliiweka juu ya jukwaa, nyingine sakafuni, waone kama kweli wakati huenda taratibu zaidi karibu na ardhi, ambako mvutano wa dunia una nguvu zaidi.

Saa ya juu ilipoitangulia ya chini kwa kiasi kidogo mno, kama walivyotarajia, Moses alirukaruka. Héritière akampigia simu mama yake, Perpétue, na Jumapili kanisa zima la Wakongo kule Brooklyn Center, kitongoji cha Minneapolis, likapiga vigelegele.

Lakini moyo wake haukutulia.

"Moses, tuzibadilishe nafasi. Kama ni mvutano, itakayokuwa juu ndiyo itatangulia."

"Si tumeshapata jibu? Tuandike tu hiyo ripoti."

"Hatujui bado kama ni jibu."

Wakazibadilisha. Saa ileile, sasa ikiwa sakafuni, bado ikatangulia. Kasoro ilikuwa ndani yake yenyewe. Moses aliketi, akafunika uso kwa mikono.

"Mama, tulishangilia mapema," Héritière alisema kwenye simu.

"Umemdanganya mtu?"

"Hapana."

"Bon, vema. Kanisani uniachie mimi."

Jumapili Perpétue alisimama mbele ya wote. "Ile furaha tuliiharakisha. Mtoto angali anatafuta. Tumuombee." Watu walicheka, kisha wakaomba kwa dhati. Kwenye benchi la nyuma, Héritière alitamani sakafu immeze, ila alitoka akiwa na moyo mwepesi.

Majira yote ya baridi waliisaka kasoro hiyo, hadi wakagundua kwamba sanduku la saa mojawapo halikupata joto sawa na la ile nyingine. Wakalirekebisha, wakapima, wakabadilisha nafasi, wakapima tena. Kila mara iliyokuwa juu ndiyo iliyotangulia. Moses mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania warudie, mpaka Héritière akachoka kubeba vyuma.

Walipotoka nje, barafu ya Mto Mississippi ilikuwa imeanza kupasuka. Moses aliuliza kama wangeweza kupima tofauti ya wakati hata saa moja ikiwa juu ya nyingine kwa kimo cha kidole tu.

"Tutaweza," Héritière alisema, akimvuta mkono. "Lakini kwanza twende tukale."