Mayai Kwenye Kitako cha Mzee

Nimechoka na minyoo. Naanza na hilo lisije likanikwama kooni. Ni minyoo bapa, wembamba kama ganda la ndani la kitunguu, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, na wanamla Mzee.

Mzee ni tumbawe. Anaishi ndani ya tangi la maji ya chumvi sebuleni kwangu, ana matawi ya zambarau yenye ncha za buluu. Baba alimkuza kutoka kijitawi cha urefu wa kidole mpaka akawa mkubwa kama kichwa cha mtu, na wajukuu wakambandika jina hilo. Baba alipofariki, mimi na kaka yangu hatukugombania nyumba wala viti. Tulimkata Mzee katikati, nusu kwake, nusu kwangu, tukapeana mikono kwamba tangi la mmoja likiharibika, la mwenzake litabaki na mbegu. Mimi nilipata nusu yenye kitako, ambapo baba alimgandisha kwenye jiwe, na kwenye ile gundi iliyokauka kuna alama ya kidole gumba chake. Kaka ndiye mkubwa na angeweza kuidai. Aliniachia.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, kwa hiyo doa jeupe kwangu si kitu cha kupuuza. Nilipoyaona madoa kwenye matawi ya Mzee, nilivuta maji kwenye sindano isiyo na ncha nikampulizia ubavuni. Kitu kikabanduka, kikapepesuka ndani ya maji. Nilikikinga kwenye kikombe, nikakitazama kwa miwani yangu ya kazini. Alikuwa mnyoo, tumbo limejaa zambarau ya Mzee wangu.

Najua alikotoka. Miezi michache kabla ya hapo kaka alikuja na kijitawi cha nusu yake kwenye mfuko wa maji, eti kikaungane na ndugu zake. Sheria ya baba ilikuwa moja: hakuna kitu kipya kinachoingia tangini bila kuchovywa kwanza kwenye dawa. Nilienda kuchukua bakuli. Kaka akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Bakuli la nini?"

"La kuchovya, kaka."

"Unanichovyea mimi? Mimi niliyekufundisha kubadilisha maji?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Nikaona aibu. Kumwoshea kaka mkubwa vitu vyake mbele ya macho yake ni sawa na kumnusa kwapa. Nikarudisha bakuli jikoni, kijitawi kikaingia tangini kama mgeni wa heshima.

Basi sasa kila Jumamosi namtoa Mzee, namchovya, natikisa, minyoo wanadondoka kama makombo, namrudisha. Roho inatulia siku chache, halafu madoa yanarudi. Dawa inaua minyoo, haigusi mayai. Mayai ni vishada vya rangi ya dhahabu, na yametagwa kitakoni, kwenye nyufa zinazozunguka kidole gumba cha baba. Nayakwangua kwa chuma changu cha meno, mgongo unaniuma, shingo imekakamaa, na bado yapo mengine ndani zaidi ambayo chuma hakifiki.

"Mama watoto," mume wangu aliuliza siku moja kutoka jikoni, "hili bakuli la kukandia unga, mbona linanuka hospitali?"

"Usilitumie!"

"Nimeshalitumia."

Sikuwa na nguvu za kucheka. Dawa yenyewe ilikuwa imeshaingia kwenye chapati zetu, na mimi nilichokuwa nawaza ni mayai.

Ungekuwa wewe ungesema, kata kitako utupe, bakisha ncha safi uzigandishe kwenye jiwe jipya. Nalijua hilo. Kila anayefuga matumbawe analijua. Lakini kitako ndicho Mzee mwenyewe, sehemu aliyoishika baba, na nikikikata kinakufa. Sikutaka. Nilikuwa nakasirika nikifikiria tu.

Kilichonipa moyo ni nusu ya kaka. Nilimpigia simu kumwonya achunguze tangi lake.

"La kwangu linameremeta," alisema. "Wewe chumvi hupimi vizuri. Tangu utoto una haraka."

Nilimeza hasira. Nikapiga tena wiki iliyofuata, akasema linameremeta. Nikamwomba basi anikatie kijitawi kisafi, niweke akiba mbali na tangi langu. Akasema ana mafua. Halafu akawa na wageni. Halafu fundi alikuwa anapaka rangi. Kaka yangu anaishi peke yake na kuta zake hazijaona rangi tangu ahamie.

Jumamosi moja Mzee alibaki na matawi machache tu yenye uhai. Sikupiga simu. Nilichukua mfuko wangu nikaenda kwake na kubisha hodi mpaka akafungua.

Tangi lilikuwa limefunikwa shuka. Nililivuta kabla hajanizuia. Ndani hamkuwa na maji. Kulikuwa na mto wa kochi, pasi mbovu, na chumvi iliyoganda pembeni mwa vioo.

"Mzee yuko wapi?"

Kaka alikaa kwenye mkono wa kochi. "Kile kijitawi nilichokuletea," alisema. "Ndicho kilichokuwa kimebaki."

"Kwa hiyo ulijua kina minyoo!"

"Nilikichovya mwenyewe kabla ya kuja. Mara mbili. Nilidhani kimepona. Nilitaka kiwe mahali salama."

"Mahali salama ni kwangu, halafu unanizuia kuchovya?"

"Ungechovya wangedondoka bakulini mbele yangu, ungeona." Alijifuta uso kwa kiganja. "Baba aliniachia nusu, nikaiua. Ningekwambiaje? Mimi ndiye mkubwa."

"Ungesema! Neno moja tu, kaka! Ningechovya, ningekwangua, yangeisha siku ile ile!" Nilikuwa napiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. Nilimkasirikia yeye, nikalikasirikia bakuli nililolirudisha jikoni kwa adabu zangu. Miezi yote nilijua tuna Mzee wawili, kumbe ni huyu mmoja ninayemkwangua.

Kaka hakujitetea. Hilo lilinitisha kuliko tangi kavu.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Twende kwangu."

Tulimtoa Mzee tukamweka kwenye beseni la maji yake. Kaka akavaa miwani yangu ya kazini, akainama, akaiona alama ya kidole gumba na vishada vya dhahabu vilivyoizunguka. Nilimpa koleo la kukatia ncha. Alilishika, akaliweka tawini, akaliondoa.

"Siwezi," alisema.

"Mimi je, naweza?"

Nikamnyang'anya koleo. Tawi la kwanza lilikatika kwa mlio mdogo mkavu, kama jino linapovunjika, nami nimeusikia mlio huo maisha yangu yote ya kazi bila kulia. Nilikata lililofuata huku sioni vizuri. Kaka alizipokea ncha moja moja, akazichovya, akazikagua chini na juu, akazigandisha kwenye vijiwe vipya. Kitako tulikianika juani kwenye dirisha. Kilipauka, kikakauka, zambarau ikaisha. Kaka alikifunga kwenye taulo akaenda nacho kwake, na sikumuuliza atakiweka wapi.

Bado nina hasira naye. Anakuja kila Jumamosi, anakosoa chumvi yangu, anakunywa chai yangu, analalamika kwamba taa ni kali. Tunazichovya ncha zote, tunainama juu ya bakuli jipya ambalo mume wangu ameliandikia SI LA UNGA kwa herufi kubwa, tunatazama. Jumamosi zimepita bila kitu. Nilianza kuamini.

Jana nilikuwa nasuuza sindano. Kaka ndiye aliyekuwa na miwani. Nilimwona anaganda, shingo imekaza, mgongo wake umenielekea. Angeweza kuyamwaga yale maji kwenye sinki na nisingejua kamwe.

"Mdogo wangu," alisema. "Kuna mmoja."

Nilitukana. Nilitukana mpaka mume wangu akachungulia mlangoni. Halafu nikavuta kiti, nikakaa karibu na kaka yangu, nikamwambia anionyeshe yuko wapi.