Kidonge Kimoja Asubuhi

Mume wangu Kambere hajawahi kuahidi jambo dogo. Ndiyo maana kila Januari mimi naumwa kichwa.

Katika shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa wetu hapa Katoyi, tuna desturi. Jumapili ya mwisho wa mwaka kila mtu anasimama na kusema ataitunza vipi afya aliyopewa na Mungu, na Papa Grégoire, katibu wetu, anaandika kwenye daftari. Kisha makofi. Mwaka juzi Kambere aliahidi kuacha nyama kabisa. Aliiacha mpaka Epifania, siku sita nzima. Mwaka jana aliahidi kupunguza kilo thelathini, akapunguza mbili, na hizo zilitokana na malaria.

Safari hii nilichoka. Wiki moja kabla ya Noeli nilimpeleka mwenyewe kwa muuguzi Charline, kwenye kituo cha afya. Sukari ilikuwa juu mno. Charline anatujua vizuri, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimfunga bandeji Paulin, kaka yake Kambere, kabla hajakatwa mguu kwa ugonjwa huu huu.

"Papa Kambere, nakuomba vitu mbili tu," alisema. "Kidonge moja kila asubuhi, ukisha kula. Na chai bila sukari. Ingine tutazungumuza mwezi wa tatu."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Lakini kila siku."

Njia nzima Kambere alinuna. "Mutu muzima asimame mbele ya batu aseme atameza kidonge? Batanicheka, mama."

Nikamwambia wacheke mpaka wachoke. Mwanaume anapakia maharagwe Butembo, anapita barabara zote zile mbovu, halafu anaogopa kuchekwa kwa ajili ya kidonge!

Jumapili ilipofika alivaa koti lake la harusi, akasimama. "Nitafunga siku quarante, toka asubuhi mpaka magaribi. Na kila asubuhi nitakimbia mbio."

Siku arobaini! Nilishangaa hakusema atakimbia mpaka Kalengera, kule mbali nje ya mji. Nyumba nzima ilirindima kwa makofi, na Papa Grégoire akaandika kwa herufi kubwa.

Basi akanunua viatu vya mbio, namba arobaini na moja kwa miguu ya arobaini na tatu, eti rangi yake ilimpendeza. Kila alfajiri akakimbia navyo juu ya mawe ya volkano yaliyotapakaa mtaani kwetu. Magharibi alifungua mfungo kwa mlima wa bugali na chai ya vijiko vinne vya sukari, kwa kuwa, alisema, ameitolea jasho. Mimi nilipakua huku nimeuma meno.

Siku ya tisa alianguka kwenye depo yake ya maharagwe, juu ya magunia. Walimleta nyumbani, nikamvua soksi nimwoshe. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda kinachonuka, naye alikuwa amekificha siku nne ili asiache mbio. Nikafungua kabati. Pakiti ya dawa ilikuwa haijaguswa.

"Na dawa, Kambere?"

"Charline alisema nimeze nikisha kula. Asubuhi sikule. Ningemeza namna gani?"

Nilitamani kumpiga kwa kiatu kile kile.

Nilimrudisha kwa Charline, akasafisha kidonda kwa muda mrefu. Mwishowe alisema, "Kidole inaweza kupona. Lakini ukifunga tena, ata siku moja, sijui tutakatia muguu wapi."

Mnadhani aliacha? Alisema ahadi aliitoa mbele ya Mungu na shirika lote, na imeandikwa. Jumapili akaamka akafunga tena. Nikamburuta mkutanoni akichechemea, nikaeleza yote mbele ya watu, nikaionyesha ile pakiti, nikamwomba Papa Grégoire aifute ahadi.

Papa Grégoire si mtu mbaya. Alikuna kichwa. "Tunaweza kufuta, Mama Benny. Lakini ile siku, nani alianza kupiga makofi? Ni weye."

Ilikuwa kweli. Maneno ya Charline nilikuwa nayo kichwani, na bado niliposikia siku arobaini viganja vyangu vilitangulia. Nilijivuna kwamba mume wangu amewapita waume wote mle ndani. Aibu hiyo bado ninayo.

"Ni miye," nikasema. "Futa. Andika: kidonge moja asubuhi, akisha kula. Chai bila sukari."

Kalamu ilisimama. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kambere aliniangalia, na nikaona wazi kwamba alikuwa anayasubiri makofi yangu. Mikono yangu niliikalia. Kisha nikatoa kwenye mfuko yai la kuchemsha na chupa ya maji.

"Kula."

Alikula mbele yao wote, taratibu, macho chini, akameza kidonge. Machozi yalinitoka, na hasira bado ninayo.

"Sasa umefurahi?" aliniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Kesho tena."