Baragumu la Piassa

Vumbi la mtaa wa Piassa liliamka kabla ya watu. Lilipanda polepole mbele ya jua, likaifunika barabara, likamfunika hata mfalme wa shaba juu ya farasi wake, na Yeshimebet akaona heri mfalme asione tingatinga likibomoa nyumba za mwisho.

Piassa, wewe wa vibaraza na harufu ya kahawa, umekwenda wapi? Watu wako wametawanywa kwenye maghorofa ya pembezoni, huyu mashariki, yule kusini, kama mtama uliomwagika. Na Mulatu, mume wa Yeshimebet, amelala ndani ya jeneza, juu ya mkokoteni, pale ulipokuwa mlango wao. Kabla ya kufa aliomba atolewe hapo, abebwe na majirani wa idir yao, chama cha kuzikana, mpaka kanisa la Mtakatifu Joji. Asiyebebwa na idir yake huzikwa kama mgeni.

"Si tungewapigia simu tu?" alisema Yeshimebet.

"Simu ni ya kuulizia bei ya vitunguu, mama," alijibu Bekure, mpiga baragumu wa idir. "Maiti hupigiwa baragumu."

Akapuliza. Miaka yote, baragumu hilo likilia alfajiri, milango ilifunguka, mitandio myeupe ikatoka, wanawake wakabeba masufuria. Leo hakuna mlango. Akapuliza tena. Mbwa mmoja akabweka. Yeshimebet aliona haya, haya ya mtu aliyealika harusi asije hata mmoja.

Piassa, Piassa, nani atambeba Mulatu?

Ndipo tingatinga likanyamaza.

Mwendeshaji wake alishuka, kofia mkononi, wenzake watatu nyuma yake. "Nani amefariki, mama?"

Laana za kumtupia mtu huyu Yeshimebet alikuwa nazo tayari. Alikuwa amemwona kwa macho yake akiuangusha ukuta wa chumba chao. Lakini alimjibu tu.

"Mume wangu. Hapo uliposimama ndipo tulipokuwa tukilala."

Yule bwana akasogea, akatazama chini. "Hata babangu alibebwa na idir," alisema. "Tuonyeshe njia."

Wakajitwika jeneza. Mabega yao yalikuwa meupe kwa vumbi la ile nyumba. Bekure alitangulia akipuliza, na Yeshimebet akafuata akilia kwa sauti, asijue kama amewasamehe. Alichokiona ni kwamba aliyeivunja nyumba ya Mulatu alishika upande wa kichwa, na alikuwa akitembea taratibu asimtikise.