Mlango wa Mama Mdogo Awa

Dauto alikuwa nyapara wa kiwanda cha mkonge katika mji mdogo kusini mwa Palma. Upande wa juu wa mji kulikuwa na kiwanda chenyewe, bohari za mabati na nyumba za Wareno zenye veranda. Upande wa chini, kuelekea pwani, ulikuwapo Mtaa wa Mawe: nyumba za kale za matumbawe na chokaa, zenye baraza mbele, dari za boriti za mkoko, na vidaka ukutani vya kuwekea vikombe na misahafu. Dauto alizaliwa huko chini. Alipopata unyapara akahamia juu, na tangu hapo akawa anasema "nyumba zile za zamani" kana kwamba hakuwahi kulala ndani yake.

Nyumba iliyomlea ilikuwa ya mama yake mdogo, Awa. Mama mzazi alipofariki, Awa ndiye aliyemchukua, akamlisha sahani moja na mwanawe Abibo. Sasa vita vya kuwaondoa Wareno vilikuwa vimepamba moto, na Abibo alikuwa amevuka Ruvuma kujiunga na wapiganaji. Mtaani kila mtu alilijua hilo. Dauto aliomba Mungu lisifike kiwandani.

Asubuhi moja meneja, Fernando, alimwita ofisini. Alimkuta ameketi na luteni mmoja. Jeshi lilitaka ukuta wa kuzunguka kiwanda, kwa kuwa wapiganaji walikuwa wanasogea, na mawe yangetoka kwenye nyumba zilizohamwa.

"Wewe ni mtoto wa mtaa ule," meneja alisema. "Tuonyeshe zipi hazina watu."

Wakateremka. Mwanzoni kazi haikuwa ngumu. Dauto alionyesha magofu ambayo dari zilikwisha anguka na mipapai kuota sebuleni. Kisha wakafika kwenye nyumba ya Awa, nyumba ya mlango mkubwa wa nakshi. Ilikuwa imefungwa. Awa alikuwa amekwenda kisiwani Rongui, kwenye msiba wa mkwewe.

"Hii je?" luteni aliuliza. "Nasikia mwenyewe ana mtoto msituni."

Dauto alikuwa na jibu tayari mdomoni: ni ya mama yangu, amekwenda matangani, atarudi. Lakini neno hilo la mama lingemfanya yeye ndugu wa mtu wa msituni, na alikwisha kuwaona watu waliochukuliwa kwa udugu tu, wasirudi.

"Mwenyewe simjui, senhor," akasema. "Haina mtu."

Luteni akachora alama ukutani. Majirani waliokuwa mabarazani waliinamisha macho, na Dauto alitambua kwamba hawakuwa wakimwogopa luteni. Walikuwa wakimwonea yeye haya.

Yeye ndiye aliyesimamia ubomoaji. Chokaa ya kale haikuachia upesi. Vijana walipiga nyundo hadi viganja vikatoka malengelenge. Ukuta wa baraza, mahali palipolainishwa na migongo ya watu wa miaka mingi, ndio uliokuwa wa mwisho kuanguka. Dauto alijifanya anakagua magari.

Awa aliporudi hakwenda kwa jirani yeyote. Alipanda moja kwa moja hadi kwa Dauto, furushi la nguo zake kichwani, akaketi verandani. Atija, mke wa Dauto, akamletea maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameivunja, Dauto. Hata sufuria sikuzikuta. Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa shambani, mama. Kwenye mkonge. Nilikuja kusikia baadaye."

"Alhamdulillahi," Awa akasema, akashusha pumzi. "Maana nilijiambia, mwanangu angekuwepo angesema, na wangemuua."

Dauto alitazama vidole vya miguu yake. Angepigwa kofi, angestahimili vizuri zaidi.

Bado wamekaa hivyo, trekta la kiwanda likaingia uani. Wafanyakazi wawili wakashusha mlango wa nakshi, mzima, na fremu yake.

"Nyapara, meneja anakusalimu," mmoja alisema kwa furaha. "Anasema huu ni wako, kwa kuwaongoza vizuri siku ile mtaani."

Atija alijiziba mdomo kwa kanga. Awa akainuka, akaenda hadi mlangoni, akapitisha kiganja juu ya maua yaliyochongwa, taratibu, kama mtu anayempapasa mgonjwa.

"Kumbe ulikuwepo," akasema.

"Mama, waliniuliza mbele ya watu..."

"Nimesikia."

Hakupaza sauti. Alichukua nguo zake akaondoka, na Atija alimfuata akimsihi hadi njia panda, asisikilizwe.

Awa alikwenda kukaa katika kijiji kilichozungushiwa waya, ambako jeshi lilikuwa likiwakusanya watu. Alipewa kibanda cha udongo. Siku chache baadaye Dauto aliupakia mlango kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe mchana kweupe, akapita nao katikati ya Mtaa wa Mawe. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemzomea.

"Kibanda hiki mlango wake mkeka," Awa alimwambia. "Nitautia wapi huo?"

"Popote utakapo, mama."

"Basi ulaze pale, juani."

Akawa anaanikia mihogo juu yake. Kila Dauto alipokwenda kumwamkia, Awa aliitikia, akauliza habari za Atija na watoto, akamkaribisha chakula. Habari ya nyumba hakuigusa tena kamwe. Adabu hiyo ilimfanya Dauto apunguze kwenda, kisha akawa anamtuma Atija.

Vita vikaisha. Mchana mmoja Dauto alimwona Abibo akipanda njia ya kiwandani, amevaa sare. Alijua siku imefika. Alisimama verandani, hakukimbia.

Abibo akamkumbatia.

"Ndugu yangu, mama amenieleza."

"Amekueleza nini?"

"Kwamba walipoivunja nyumba, wewe ndiye uliyemletea mlango. Kwa mkokoteni, mchana, na askari wamejaa. Nimekuja kukushukuru."

Dauto akafungua kinywa. Kwenye kizingiti Atija alikuwa amesimama akimtazama, anangoja.

"Karibu ndani," Dauto alisema. "Chai iko tayari."

Atija akageuka, akaenda jikoni kuwasha moto, kwa maana chai haikuwapo.